Nilivyomkamata Mnyamwezi Wangu

Ukiamini makaratasi, hapa Ng'ambo ya Tabora hakuna mtu aliyewahi kujiua. Wote wamekufa kwa presha. Kijana anayecheza mpira kila jioni mpaka anararua viatu, presha. Mtu mzima aliyekuwa anapanda mwembe bila ngazi, presha. Mimi hapa nina presha ya kweli, ya daktari, nameza vidonge kila asubuhi, na nipo barazani nakaanga vitumbua. Sasa hiyo presha yao inatoka wapi?

Haya nimeyajua kwa sababu ya Julieth, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Ametumwa kutoka Dar kuuliza habari za watu waliojiua tangu korona ipite, kanda kwa kanda, ili ijulikane wapi wameongezeka na wapi wamepungua. Binti ana adabu, anatoa shikamoo, anakula anachopewa. Kila siku anazunguka na kishikwambi chake nyumba hadi nyumba, na kila jioni anarudi amenuna.

"Mama," akaniambia siku moja, "kwa majibu haya ninayopewa, Tabora ndiyo kwenye furaha kuliko kote Tanzania."

"Furaha gani? Maji yenyewe yanakuja yakijisikia!"

"Basi watu wananificha."

"Wanakuficha, ndiyo. Mgeni utaambiwaje aibu ya mtu?"

Aibu ya mtu huambiwa mtani. Na mtani ni mimi. Mimi Kuluthumu ni Mzaramo. Nimezaliwa Tabora, mama yangu kazaliwa Tabora, pwani nimefika mara moja tu na nikarudi na tumbo la kuendesha, lakini kabila langu ni Mzaramo, na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara, walipokuwa wakitushukia kule kwetu na pembe za ndovu vichwani. Mtani ana haki zake. Mnyamwezi akifiwa, mimi naingia msibani bila hodi, navaa koti la marehemu, naiga alivyokuwa akitembea, naficha sufuria ya wali mpaka nipewe changu. Waliokuwa wakilia wanacheka, na wakishacheka wanapata nguvu ya kula. Ile ni kazi, siyo ujinga, na asiyejua aulize.

Korona ikaniachisha kazi. Mikusanyiko basi, mazishi chapuchapu, watu wachache. Sawa, nilielewa, hata mimi sikutaka kufa. Lakini korona ilipopita, watu wengine walikuwa wameshaonja utamu. Wakipata kifo wasichotaka kiulizwe, wanazika harakaharaka na kusema bado tunajihadhari. Ndivyo walivyomzika Xavery.

Xavery alikuwa mpishi hotelini Zanzibar. Hoteli zikafungwa, akarudi nyumbani na mabegi mawili, akakaa kibarazani kwa kaka yake Vedasto akitazama simu ambayo haikulia. Alikaa hivyo mpaka watu wakamzoea kama sehemu ya kibaraza. Halafu tukasikia amefariki ghafla. Presha. Nilifika pale nimejifunga khanga kiunoni, tayari kwa kazi, nikamkuta kaka yao mwingine, Alois, amesimama mlangoni. Huyu Alois ni mpiga debe wa mabasi kule Igunga, mtu wa kelele, anayecheka mpaka anashika ukuta. Siku hiyo hakucheka. Akasema, "Leo hapana, mtani." Tangu nizaliwe sijafukuzwa msibani. Nilirudi nyumbani nikijua kila kitu, na mtaa mzima ulijua, na sote tukasema presha.

Sasa nije kwa Vedasto, Mnyamwezi wangu. Ni fundi baiskeli, banda lake linatazamana na baraza langu. Hatujawahi kusalimiana vizuri hata siku moja. Asubuhi nafungua na kumwambia, "Wewe mbeba mizigo, bado hujafa?" Naye ananijibu, "Nife niwaachie nani Wazaramo, nyie msiojua hata jembe linashikwa upande gani?" Wateja wangu wanakuja kwa ajili hiyo kuliko vitumbua. Lakini tangu Xavery aondoke majibu yake yalikuwa yanapungua, na mimi nikadhani ni uzee.

Jumatatu moja akavuka barabara amebeba sanduku lake la spana. Benchi langu lilikuwa limejaa watu. Akaliweka chini miguuni pangu.

"Mpe mumeo Majidi," akasema. "Yeye fundi seremala, hatakosa la kufanyia."

"Na wewe utakazia nati kwa meno?"

"Mimi nimechoka, mtani. Nataka nife, nipumzike."

Mdomo wangu hauna breki. Nikamjibu palepale, "Kufa upesi tule pilau! Ila usife msimu wa maembe, msimu wa maembe nina shughuli."

Benchi zima likacheka. Vedasto naye akatabasamu. Akasema, "Haya." Akageuka, akarudi bandani kwake.

Haya! Vedasto aniambie mimi haya! Mtu ambaye hajawahi kuniachia neno la mwisho, hata siku niliyokuwa na homa. Niliganda na mwiko mkononi, vitumbua vikaungua, mteja mmoja akauliza kama hivyo vyeusi ni aina mpya. Nikalitazama lile sanduku. Spana zote zilikuwemo, hadi ile ndogo ya kukazia spoki ambayo alimnyima Majidi kuazima kwa miaka. Mtu wa kabila jingine lolote akisema nataka kufa, watamkalisha chini. Mimi na Vedasto tunayasema hayo kila siku, na jibu lake ni kicheko. Kwa hiyo alinieleza kweli tupu mbele ya benchi zima, kwa sababu mimi ndiye mtu anayeweza kuelezwa chochote, na sisi tukaicheka.

Nikaliacha karai motoni, nikaingia uani mbio. Julieth alikuwa anaandika.

"Mtu akisema anataka kufa, halafu akagawa vyombo vyake vya kazi, hiyo kwenye kitu chako hicho inaitwaje?"

Julieth alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Ni nani?"

"Mnyamwezi wangu."

"Nenda kamuulize. Muulize wazi kabisa kama anataka kujiua."

"Nimpe wazo!"

"Humpi wazo, Mama. Kama analo, analo tayari, na kumuuliza kunampa nafuu. Usimwache peke yake. Mimi nakwenda hospitali, kuna nesi pale wa afya ya akili, nitarudi naye."

Nilivuka barabara. Nilikuwa sijawahi kumwita yule mtu kwa jina lake. Nilimwita Mbebamizigo, Shehena, Bwana Matobolwa kwa vile viazi vyao vya kukausha. Safari hii nikakaa kwenye kigoda chake na kusema, "Vedasto, unataka kujiua?"

"Ndiyo," akasema, kana kwamba nimemuuliza kama ana chenji.

Niliogopa. Nasema kweli. Nilichoweza ni kumwambia, "Basi leo siondoki hapa." Nikatoa simu, kwa sababu mtu ana ndugu, na ndugu waje.

Nikampigia kwanza dada yao mkubwa, Agnetha, ambaye analima tumbaku huko Ulyankulu.

"Shikamoo dada. Agnetha, mdogo wako Vedasto ana hali mbaya. Anataka kujiua."

"Marahaba!" Agnetha akacheka. "Wazaramo mmeshaanza! Mna njaa?"

"Siyo utani, dada!"

"Ndivyo mnavyosemaga," akasema, akakata.

Nikampigia Alois. Yeye ndiyo kabisa. Alinisikiliza, akapiga kicheko cha kupasua ngoma ya sikio, akaiweka simu kwenye spika ili stendi nzima ya Igunga isikie. "Rudia, mtani, rudia! Jamani njooni, Mzaramo anamzika kaka yangu tena!" Nikasikia wapiga debe wakishangilia. Katekista akapita na baiskeli yake, nikamkimbilia, nikamshika usukani, nikamweleza. Naye akacheka, tena kwa upole, akasema, "Mama Kuluthumu, safari hii rambirambi sitoi."

Niseme na hili. Ni kweli kwamba mwaka jana nilitangaza sokoni kuwa Vedasto kafa kwa kuvimbiwa michembe ya viazi, nikakusanya rambirambi, na tukanywea soda mimi naye huku waombolezaji wakitutukana. Lakini ule ulikuwa utani! Sasa nina neno la kweli mdomoni na hakuna mtu Tabora anayeweza kulisikia. Ningetoka mimi nikasema nyumba inaungua, wangeleta mahindi ya kuchoma.

Hasira zikanipanda. Zikinipanda ndiyo akili inafunguka. Nikajiambia, kumbe ukweli hauwaleti hawa. Haya, nitawaletea utani.

Nikafungua khanga yangu, pindo moja nikalifunga kwenye mkono wa Vedasto, pindo la pili kwenye wangu, nikakaza fundo. Nikasimama katikati ya barabara na kupaza sauti, "Watu wa Ng'ambo! Huyu Mnyamwezi kanivunjia heshima! Nimemkamata! Ni mateka wangu mpaka ukoo wake uje kumkomboa!"

Loo, mtaa ulivyofurika! Tangu korona hawajaona mtani akikamata mtu, na mtani akikamata, ukoo usipokuja na fidia ni aibu ya wote. Wanawake wakapiga vigelegele, mafundi cherehani wakaacha mashine, muuza karanga akatufuata akiuza. Mmoja akaniuliza kosa la mateka, nikasema, "Kaniambia haya!" wakacheka mpaka basi. Na mimi nacheka nao kwa sauti, na moyoni nalia, maana mkono ule niliokuwa nimeufunga haukuvuta hata kidogo. Mateka wa utani anatakiwa apige kelele, atukane, ajifanye anakimbia. Vedasto alinifuata tu. Nilimtukania babu yake aliyeiona bahari akadhani ni shamba la mpunga, na hakunijibu.

Nilipomfikisha sebuleni nikampigia tena Alois.

"Ndugu yenu nimemkamata. Yupo kwangu, amefungwa. Leteni fidia."

Kicheko kikakatika hapohapo. "Umemkamata kweli? Mbele za watu?"

"Barabarani. Ng'ambo nzima imeshuhudia."

"Aisee, umetuaibisha! Unataka nini?"

"Jogoo, debe la karanga, na ninyi wenyewe. Wewe na Agnetha. Msipofika, kesho namvalisha gauni na kumtembeza sokoni."

"Kesho asubuhi tupo hapo!"

Umeona? Niliwaambia ndugu yao anakufa, wakakata simu. Niliwaambia nadai jogoo, wakapanda basi.

Julieth akarudi na nesi, mwanamke mfupi anayeitwa Tunu, mwenye sauti ya taratibu. Akakaa na Vedasto uani kwa muda mrefu. Sikusikiliza. Nilisikiliza kidogo. Nilisikia Vedasto akiuliza kama ataitiwa polisi, na Tunu akimwambia, "Mimi nimekuja kukutibu, kaka yangu." Akatuambia dawa ipo, mazungumzo yapo, kesho aje hospitali, ila usiku ule asiwe peke yake. Majidi, mume wangu, ambaye kwa mwaka mzima huongea maneno ya kujaza kijiko, akaburuta godoro mpaka sebuleni akalala mlangoni. Majidi anakoroma, nyie. Asubuhi Vedasto akasema hakulala hata kidogo, na kwamba mkoromo ule ungemfufua mtu aliyezikwa. Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Ndugu walifika kabla jua halijawa kali. Alois alianza kusikika tangu kona ya msikiti, amembeba jogoo juu kama kombe la mpira. "Yuko wapi mla nazi? Tumekuja kumkomboa shujaa wetu!" Agnetha nyuma yake, mama wa heshima, amejitwisha debe la karanga, na uso wake unasema nitamalizana na wewe. Mtaa ukajaa uani kwangu. Alois akapiga magoti mbele yangu kwa mbwembwe, akaomba msamaha kwa niaba ya ukoo, akaimba, akanizungusha mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Nilicheka. Haiwezekani usicheke mbele ya Alois, hata ukiwa unaumwa jino.

Nikapokea jogoo. Nikapokea karanga. Nikawatoa watu wa mtaa kwa kuwagawia karanga zilezile, nikafunga mlango wa uani, tukabaki sisi: wao watatu, mimi, Majidi, Julieth na Tunu.

"Fidia haijatimia," nikasema.

"Mzaramo hashibi!" Alois akadakia. "Taja!"

"Nataka mniambie Xavery alikufa na nini."

Alois akafungua mdomo kucheka, kicheko hakikutoka. Agnetha akanikazia macho. "Presha," akasema.

"Dada, mimi ni mtani. Kifo hiki mlininyima. Mlinisimamishia mtu mlangoni. Nakidai leo."

"Presha, nimesema!"

Vedasto akasema, "Dada, mimi nimechoka kusema presha."

Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilimfikia kila mtu. "Mlinipa neno hilo siku ile, nikalisema kwa majirani, nikalisema kwa padri, na huyu binti wa kishikwambi alipokuja nikamwambia yeye pia. Nimelisema mpaka na mimi nimeanza kuumwa ugonjwa uleule wa Xavery. Jana mtani hakuwadanganya. Nilikuwa nakwenda."

Agnetha alitazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Akaketi chini, palepale kwenye vumbi, na gauni lake la kusafiria, akaweka mikono kichwani. "Alijiua," akasema. "Mdogo wangu alijiua. Mungu wangu, nilifikiri nikinyamaza nitawalinda ninyi wengine." Halafu akamvuta Vedasto mguu mpaka naye akaketi, akamkumbatia, wakalia wote wawili, kilio ambacho hawakulia siku ya mazishi. Nami nikalia, na Julieth akalia, akasahau kabisa kishikwambi chake juani.

Kilio kilipotulia nikafanya kazi yangu. Nikachukua mwiko, nikajifunga aproni, nikatembea kama Xavery alivyokuwa akitembea, kile kiuno chake cha hotelini, nikapita mbele ya kila mmoja nikionja mchuzi wa uongo na kukunja pua kama alivyokuwa akikunja akila chakula cha dada yake. Agnetha akaanza kucheka katikati ya kamasi. "Alinambia mlenda wangu ni wa kubandikia stempu!" akasema. Vedasto akasema, "Nawe, mtani, kiuno hicho cha kwako kinataka basi zima." Nikampiga na mwiko. Nilifurahi mpaka nikampiga mara ya pili.

Julieth akaomba ruhusa kwa Agnetha kubadili lile jibu la presha. Agnetha akafikiri, akasema, "Badili. Ila mwandike vizuri, alikuwa mpishi." Kisha wakaondoka, Agnetha amemshika Vedasto mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, Tunu mbele, kwenda hospitali. Dada akaapa hatarudi Ulyankulu mpaka ndugu yake aanze tena kuwalalamikia wateja. Majidi akalibeba sanduku la spana, akavuka barabara kulirudisha, bila kuambiwa na mtu.

Mimi nikainama kukusanya maganda ya karanga. Nilipoinuka nikamkuta Alois bado ameketi kwenye mkeka.

"Wewe vipi? Fidia imeshapokelewa. Kimbia, utaachwa na basi."

"Mtani."

"Nini? Jogoo simrudishi."

"Na mimi nikamate."

Nilisubiri acheke. Huyu anacheka mpaka anashika ukuta, huyu stendi nzima inamtegemea kwa kicheko. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Alois," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Xavery."

Nikaacha maganda yalale. Nikamwita Julieth amkimbilie Tunu njiani amwambie wapo wawili, kisha nikaketi kwenye mkeka ubavuni pa Alois, bega kwa bega, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.